Nimekatwa milioni 2.3 za bima ya maisha, leo naambiwa changu ni laki nane na kitu. Wana Dodoma, nisaidieni

#1 Mwalimu wa Nala (mleta uzi)

Habarini za jioni wakuu.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nafundisha wilaya ya Bahi, nakaa Nala. Nina jambo linaninyima usingizi na sijataka kulipeleka stafu, kwa sababu nusu ya stafu tuliingia pamoja na sitaki kuwa wa kwanza kuwapa presha.

Februari 2021, mapumziko ya saa nne, alikuja kijana mmoja nadhifu, shati jeupe, kitambulisho kifuani, mkononi katoni ya soda. Mwalimu mkuu akatuomba tumsikilize dakika kumi. Akaongea arobaini. Maneno yake nayakumbuka neno kwa neno kwa jinsi nilivyoyarudia kichwani: "Walimu wangu, hii msiite bima. Bima ni ya magari. Hii ni akiba ya mtoto, halafu juu yake kuna kinga. Ukikwama unachukua chako na faida yake." Mwenzetu wa hesabu akamuuliza, je nikikwama mwaka wa pili? Akajibu, "Hata mwaka wa pili, madam." Tukacheka, tukanywa soda, tukasaini.

Nilichagua elfu 50 kwa mwezi, miaka 10, yaani milioni 6 mkataba ukiiva au nikifa. Akachukua cheki namba (namba yangu ya utumishi), nakala ya kitambulisho na slipu ya mshahara. Kengele ikalia, nina kipindi, nikamwachia fomu mezani. Akasema, "Nenda tu mwalimu, mengine namalizia mimi."

Makato yalianza Machi 2021. Mpaka Desemba 2024 ni miezi 46. Hesabu hiyo hata mtoto wa darasa la tatu anaiweza: 2,300,000.

Sasa nataka kupaua. Kuta zimesimama tangu mwaka juzi na mvua zinanilia matofali. Januari hii nikaenda mjini ofisini kwao (kampuni siitaji, sitafuti kesi). Dada wa mapokezi mpole, akabonyeza kompyuta, akaandika namba kwenye kikaratasi cha njano, akakisukuma upande wangu kama anayeona haya kuisoma kwa sauti. 874,000.

Nikamuuliza, hiyo ndiyo faida? Akasema, "Hapana mama, hiyo ndiyo thamani ya kuvunja mkataba. Yote."

Simu ya yule kijana haipatikani. Naomba kujua: hili ni halali? Nichukue hiyo laki nane nipate walau mbao? Au niendelee kukatwa mpaka 2031?

#2 Boda wa Ipagala

Pole madam. Soda ya bei ghali kuliko zote Dodoma nzima.

#3 Kisasa Kwetu

Mtanisamehe, lakini walimu mnatuangusha. Nyie ndio mnawafundisha watoto kusoma na kuelewa. Mtu mzima anasaini karatasi ya miaka kumi huku anakimbilia kengele? Kampuni haina kosa. Mkataba ni mkataba.

#4 Mwalimu wa Nala

@Kisasa Kwetu sikatai, nilifanya haraka. Lakini mkataba wenyewe sikuwahi kuletewa. Nimepewa nakala Januari hii baada ya kuiomba mara mbili: kurasa 14, Kiingereza cha mahakamani, maandishi madogo kama ya kwenye karatasi ya dawa. Na wewe fomu ya mkopo wako wa benki uliisoma yote? Sema ukweli tu, hapa hatujuani.

#5 Kisasa Kwetu

Sina mkopo 😀

#6 Aliyekuwa Wakala

Mwalimu shikamoo kama umenizidi, marahaba kama nimekuzidi. Nimeuza bima za maisha miaka sita, Dodoma, Singida mpaka Kondoa, nikaacha 2022. Kampuni yangu haikuwa yako, nadhani, ila jiko ni lile lile. Nikueleze hela yako ilikokwenda.

Wakala wa bima ya maisha mara nyingi hana mshahara wa maana. Anakula kamisheni, na kamisheni haigawanywi sawa kwa miaka yote ya mkataba. Sisi tulikuwa tunasema mwaka wa kwanza ni nyama, wa pili na wa tatu ni mchuzi, baada ya hapo ni maji ya kunawa. Ukijumlisha gharama za kufungua mkataba, uchapaji, mshahara wa meneja wa mawakala na ile kinga yenyewe ya kifo, michango yako ya mwanzo inakuwa imeliwa kabla haijakaa mahali ikazaa. Ndiyo maana mikataba mingi ya aina hii, ukivunja ndani ya miaka miwili au mitatu ya mwanzo, huondoki na kitu. Ukivunja mwaka wa nne unapewa kama hiyo uliyopewa. Thamani inaanza kupanda kweli kweli miaka ya mwisho.

Kwa hiyo jibu la swali lako la kwanza: namba hiyo ya 874,000 yenyewe huenda ni halali kabisa kwa mujibu wa hizo kurasa 14. Kisichokuwa halali ni yale maneno ya stafu. "Hata mwaka wa pili" ni uongo, na aliyeusema alijua ni uongo, kwa sababu kitu cha kwanza tunachofundishwa kwenye semina ni jedwali la thamani ya kuvunja. Tunafundishwa pia tusilitoe kwenye begi mpaka mteja aulize.

Na kwa nini walimu? Kwa sababu ya makato. Mfanyabiashara wa Majengo ukimuuzia, mwezi wa tatu anakuambia biashara imelala. Mwalimu akishasaini inakatwa huko huko kabla hajaiona, na atakuja kushtuka siku anajenga. Ile Desemba 2018, kelele za kikokotoo (kanuni ya kupiga hesabu ya mafao ya kustaafu) zilipopamba moto mpaka Rais Magufuli akasitisha kanuni mpya hadi 2023, sisi tuliuza kuliko mahindi ya Kibaigwa. Tulikuwa tunaingia stafu na sentensi moja: "Kikokotoo mmekisikia?" Hatukuhitaji ya pili.

Sasa nikuulize kitu mwalimu, na naomba usikichukulie kirahisi. Kwenye hiyo nakala kuna fomu ya maombi, ile uliyosaini stafu. Ina ukurasa wa maswali ya afya. Majibu yake aliyaandika nani?

#7 Mwalimu wa Nala

Shukrani sana mkuu. Nakala nimeiacha shuleni kabatini. Kesho nitaangalia. Maswali ya afya mimi sikumbuki kuulizwa.

#8 Aliyekuwa Wakala

Hilo ndilo nililokuwa naliogopa.

#9 Shangazi wa Kongwa

Mbukwenyi wana Dodoma. Niongezee la kwangu, linafanana ila si hilo hilo.

Marehemu kaka yangu alikuwa dereva wa halmashauri. Alikopa benki milioni 12, akafariki 2021 deni likiwa bichi. Hata arobaini haijaisha, afisa mikopo anampigia wifi yangu: mama, hili deni tunafanyaje? Hakumtukana, hakumtisha. Alikuwa anauliza tu, kila Ijumaa. Wifi akaona aibu ya kudaiwa juu ya msiba, akauza kiwanja cha Nkuhungu, akalipa.

Mwaka uliofuata mtoto wake wa kwanza anapanga makaratasi ya mirathi, akakuta taarifa ya benki ya siku ile mkopo unatoka. Milioni 12 imeingia, na siku hiyo hiyo, mstari wa chini yake, 180,000 imetoka. Maelezo yake ni herufi tatu na namba ndefu. Akaja kuniuliza, shangazi hii ni nini? Nami sijui. Tukamuuliza kijana mmoja wa uhasibu pale mtaani, akasema hiyo ni bima ya mkopo. Mkopaji akifa, bima inailipa benki salio. Kaka aliilipia mwenyewe, siku ya kwanza, bila mtu kumweleza. Na benki ilijua, maana ndiyo iliyokata.

Tulizunguka miezi minane na cheti cha kifo, muhtasari wa kikao cha ukoo, barua ya Mahakama ya Mwanzo. Mwisho hela ilirudi, sisemi haikurudi. Kiwanja ndicho hakikurudi. Mtu ameshaweka fremu nne za maduka.

#10 Boda wa Ipagala

Hii imeniuma kuliko ya mwalimu.

#11 Kijana wa Manyoni

Shangazi pole sana. Watu wengi hawajui hili la bima ya mkopo. Msiba ukitokea na marehemu alikuwa na mkopo wa mshahara, swali la kwanza benki liwe "huu mkopo ulikuwa na bima?" na mliulize kwa maandishi, kabla hamjauza hata kuku.

Mimi langu dogo. Nilihamishwa kutoka Singida, kwenye kuhama makato ya bima yangu ya maisha yakasimama miezi mitatu sikugundua, maana nilidhani mshahara umepanda (mnaona jinsi tulivyo na njaa). Meseji sikupata, namba waliyokuwa nayo ni ya laini niliyoitupa. Kuja kushtuka, mkataba umekufa. Nikaambiwa naweza kuufufua kwa kulipa malimbikizo na kujaza upya fomu ya afya, au nianze mpya. Ajenti akanishawishi nianze mpya. Sasa nikisoma hapa habari za nyama na mchuzi ndiyo naelewa kwa nini alinishawishi.

#12 Aliyekuwa Wakala

@Kijana wa Manyoni umeelewa vizuri. Mkataba mpya ni nyama mpya. Mtu yeyote akikuambia "ule wa zamani achana nao, huu ni bora", muulize yeye anapata nini kwenye kila mmoja. Angalia uso wake wakati anajibu.

#13 Natetea Kazi Yangu

Nimevumilia nimeshindwa. Mimi ni wakala, niko kazini, nina usajili wa TIRA, wasimamizi wa bima nchini, na nimechoka kuonekana mwizi. Mnajua nimezika wateja wangapi? Mwaka juzi mteja wangu mjane wa Hombolo, mumewe amelipa miezi 14 tu, akafa kwa ajali. Nilimpeleka mwenyewe kwa bodaboda kufuata cheti cha kifo. Alilipwa milioni 8, watoto wanasoma. Angeweka hizo hela kwenye kibubu angekuwa na nini? Bima ya maisha siyo benki. Anayeingia kutafuta faida kapotea njia, na anayemuingiza kwa kumwambia ni benki ndiye mwizi. Msitukusanye wote kwenye gunia moja.

#14 Shangazi wa Kongwa

@Natetea Kazi Yangu umesema haki mwanangu. Ila mwenzako aliyekuja Bahi na soda alisema "msiite bima". Nyie kwa nyie mnajuana, mbona hamsemani?

#15 Mwalimu wa Nala

Wakuu nimerudi. Nimeifungua nakala leo saa saba, nikaanza kuisoma nimesimama, nikamalizia nimekaa.

Maswali ya afya ni 11. Presha, kisukari, moyo, figo, kulazwa, kupasuliwa na mengine. Yote 11 yamejibiwa "Hapana". Mwandiko si wangu. Mimi ni mwalimu wa darasa la kwanza, naandika herufi za kuumba, kila mtu shuleni anaujua mwandiko wangu. Huu una "p" yenye mkia mrefu unaopinda kushoto kama ndoano ya samaki. Hapana, hapana, hapana, mkia, mkia, mkia. Chini kabisa kuna saini yangu. Hiyo ni yangu kweli.

Nina presha tangu 2017. Daftari la kliniki liko kwenye droo. Nameza kidonge kila asubuhi, na siku ile ya soda nilikuwa nimekimeza.

Nimekaa najiuliza. Nikifa je?

#16 Aliyekuwa Wakala

Ukifa, mwalimu, ndugu zako watapeleka madai ya milioni 6. Kampuni itaomba taarifa za hospitali. Itakuta kliniki ya presha tangu 2017 na "Hapana" ya 2021 yenye saini yako. Mkataba wa bima unasimama juu ya kusema ukweli wote wakati wa kuomba, na kuficha jambo la msingi ni sababu inayojulikana ya kukataa kulipa. Wakati huo wewe hupo kusema "sikuandika mimi", na mwenye mkia wa ndoano hapatikani kwa simu.

Kwa hiyo miaka minne umelipia akiba isiyokuwa akiba na kinga yenye tundu. Samahani kwa kulisema hivi.

Kwa nini tunaandika "Hapana" zote? Nami niliandika, sijifichi. Ukiandika "Ndiyo" kwenye presha, fomu inarudi. Inaombwa ripoti ya daktari, labda mteja aende akapimwe, labda michango ipande. Wiki tatu. Na mwisho wa mwezi ni Ijumaa hii. "Hapana" inapita siku hiyo hiyo. Mteja akiwepo mezani unamuuliza haraka haraka, "huna tatizo lolote la kiafya, sivyo?" naye anasema sina, kwa sababu mtu mwenye presha iliyotulia hajioni mgonjwa. Akiwa darasani, humuulizi kabisa.

Mimi kilichoniachisha kazi ni "Hapana" moja ya namna hii. Mzee wa Mpwapwa. Sitaisimulia hapa.

#17 Kisasa Kwetu

Mwalimu naomba radhi kwa maneno yangu ya juu. Hili la kuandikiwa majibu sikulifikiria.

#18 Mwalimu wa Nala

Nimekusamehe. Sasa niambieni cha kufanya, maana bado nataka kupaua.

#19 Wakili Pembeni

Si ushauri rasmi, lakini nimeshughulika na madai ya bima kidogo.

Kwanza, usichukue hiyo 874,000 leo. Ukipokea, kwa kawaida utasainishwa hati inayosema umelipwa chote na huna dai jingine. Ukishaisaini, mlango umeufunga mwenyewe.

Pili, andika barua kwa kampuni, si kwenda kuongea na yule dada wa mapokezi. Tarehe, namba ya mkataba, wakala alisema nini, mbele ya akina nani, na majibu ya afya hayakuandikwa na wewe wala hukuulizwa. Ambatisha nakala ya ukurasa ule na kurasa mbili tatu za daftari la kliniki. Ombi lako liwe moja na la wazi: mkataba ufutwe tangu mwanzo na michango irudishwe, kwa kuwa uliuzwa kwa maelezo ya uongo. Peleka nakala mbili, moja wagonge muhuri wa kupokea ubaki nayo. Walimu wenzako waliokuwepo stafu waandike walichosikia wakati bado wanakumbuka.

Tatu, kampuni ikikaa kimya au ikikujibu kisiasa, una sehemu mbili. Kuna TIRA, Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, ambayo inasajili kampuni na mawakala na inapokea malalamiko. Makao makuu yake yako hapa hapa Dodoma, huhitaji nauli ya Dar. Na kuna Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ofisi iliyoanzishwa kwa Sheria ya Bima ya 2009 kwa ajili ya watu kama wewe dhidi ya kampuni. Watakuuliza kama ulianza na kampuni yenyewe, ndiyo maana ule muhuri ni mali.

Kama yote yakishindikana na huna hela ya kuendelea kukatwa, uliza kama mkataba unaruhusu kuugandisha: unaacha kulipa, hauvunjwi, unabaki na kiasi kidogo utakacholipwa 2031. Wengine wanaruhusu pia kukopa juu ya thamani yake. Haya mawili mapokezi hawayataji usipoyataja wewe. Lakini kumbuka, kuugandisha hakuzibi lile tundu la "Hapana".

#20 Fundi wa Chang'ombe

Madam kama ni kupaua, anza na mbao za vyumba viwili, turubai nitakuazima. Siyo bima lakini halivuji.

#21 Msomaji wa Area C

Haya si ya kwetu peke yetu. Uingereza benki ziliuza bima za mikopo kwa miaka mingi, watu wengine hata hawakujua wamekatiwa, wengine wamejiajiri huku bima yenyewe hailipi waliojiajiri. Mambo yalipolipuka benki zikarudisha zaidi ya pauni bilioni 38, na mwisho wa kudai uliwekwa 29 Agosti 2019. India nako wamiliki wa mikataba ya bima ya maisha tangu 2024 wana siku 30 za kuisoma na kuirudisha kama hawaitaki. Ila siku zinaanza kuhesabiwa siku umepewa mkataba mkononi. Mwalimu angekuwa huko angekuwa ameanza kuhesabu Januari hii.

#22 Boda wa Ipagala

Bilioni 38 za pauni! Huko hata kuibiwa kuna heshima.

#23 Mzee wa Zabibu

Vijana mnajadili vizuri. Nami niliwahi kuwa na bima ya maisha. Nilikata 1979, miaka 20, kiasi cha bima shilingi elfu 20. Msicheke. Elfu 20 mwaka ule ilikuwa nyumba. Mke wangu tukilala tulikuwa tunaipanga ile nyumba, mlango uangalie wapi.

Ikaiva 1999. Nikalipwa kwa wakati, na bonasi juu, hawakunipunja hata senti. Nikavaa koti, nikaenda kuchukua hundi, nikapita dukani, nikanunua bati sita na pakiti ya misumari. Chenji nikanywea chai. Hakuna mtu aliyenidanganya, shilingi ndiyo iliyokuwa imekonda. Miaka ya themanini bei zilikuwa zinapanda kama thelathini kwa mia kwa mwaka, na kwenye karatasi yangu iliandikwa elfu 20 tu, wino haupandi bei.

Zile bati ziko hadi leo, nimeezekea banda la mbuzi. Kwa hiyo mwalimu, ukiambiwa "2031 utapata milioni 6", iulize hiyo milioni 6 itakuwa bati ngapi.

#24 Mwalimu wa Nala

Mzee shikamoo. Nimesoma nimecheka mpaka mume wangu kauliza kuna nini.

#25 Mzee wa Zabibu

Marahaba mwanangu. Nami nilicheka, ila baadaye.

#26 Mwalimu wa Nala

Wakuu, mrejesho. Wiki mbili zimepita.

Barua nimepeleka. Nilimwandikia mkurugenzi wa kampuni, kurasa mbili, kwa Kiswahili. Dada wa mapokezi alipoona "Hapana" 11 nimezizungushia kalamu nyekundu akaenda ndani, akarudi na meneja. Meneja akanikaribisha ofisini, akaagiza soda. Nikamwambia ahsante, soda zenu nimeshakunywa. Muhuri wa kupokea ninao.

Walimu watatu wamekubali kuandika walichosikia. Wawili kati yao wameenda kuomba nakala za fomu zao. Mmoja amejifungua kwa upasuaji 2019, fomu inasema hajawahi kupasuliwa. Mkia ule ule.

Meneja amesema yule kijana "hayuko nasi tena tangu 2022" na kwamba watanijibu kwa maandishi. Makato ya mwezi huu yamekatwa kama kawaida. Afisa utumishi anasema hawezi kuyasimamisha mpaka kampuni ilete barua ya kusitisha. Kwa hiyo kuingia ilitosha saini yangu, kutoka inahitajika ya kwao.

#27 Natetea Kazi Yangu

Mwalimu nimekutumia ujumbe wa faragha. Kama usajili wa huyo mtu bado uko hai kwa kampuni nyingine, TIRA wanatakiwa kujua. Safari hii nitasemana na mwenzangu, shangazi aone.

#28 Shangazi wa Kongwa

Nimeona mwanangu. Mungu akupe wateja.

#29 Kengele ya Chamwino

Jamani samahani nafufua uzi. Nimeusoma wote usiku huu na mwili umenisisimka.

Nami ni mwalimu, wilaya ya Chamwino. Jumatatu alikuja kijana shuleni kwetu, shati la bluu, kampuni tofauti na mnazozijua. Wawili tuliwahi kusaini siku hiyo hiyo. Nilikuwa na haraka ya kipindi, akasema atamalizia. Ila mimi nilipiga picha fomu kwa simu kabla sijaondoka, sijui kwa nini, na jioni nikamwambia alete nakala iliyojazwa. Amenitumia leo. Ina "p" yenye ndoano.

Amesema anarudi Alhamisi kuwasainisha waliobaki. Katoni ya soda ameshaitanguliza kwa mwalimu mkuu.

#30 Mwalimu wa Nala

Alhamisi saa ngapi?